Kwa Anayekwenda Kuwinda kwa Mara ya Kwanza

Kila inapokaribia tarehe 1 Julai, siku ambayo msimu wa uwindaji hufunguliwa Tanzania, vijana hunifuata na maswali yaleyale. Ninunue bunduki gani? Niende pori gani? Nianze na nyati au na swala? Ni maswali ya maana, na nitayafikia. Lakini lipo moja linalotangulia, nami huwauliza kabla hatujaenda mbali: uko tayari kurudi nyumbani mikono mitupu? Anayesita kujibu namshauri asubiri msimu mwingine.

Sisemi hivyo ili kumvunja mtu moyo. Karibu kila baya nililoliona porini, kuanzia mnyama aliyekimbia na risasi tumboni, jike aliyeuawa akidhaniwa dume, hadi mtu aliyeponea chupuchupu risasi ya mwenzake, chanzo chake ni mwindaji aliyejiona hana budi kupiga kwa sababu ametoa pesa, amechoma mafuta na ameahidi watu nyama. Maandalizi nitakayoyaeleza hapa, ya karatasi, ya silaha, ya mwili na ya vyombo, yanakusudia jambo moja: kukufikisha mahali ambapo unaweza kushusha bunduki na moyo wako ukabaki umetulia.

Kama unachotaka ni kitoweo tu, siku hizi yapo mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nyama utakayonunua pale itakugharimu pungufu kuliko safari ya kuwinda, ukijumlisha leseni, mafuta, chakula cha watu, risasi na posho za wanaofuatana nawe. Uwindaji ni wa mtu anayetaka kujifunza pori lenyewe na yuko radhi kubeba dhima ya kutoa uhai kwa mkono wake.

Tuanze na sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua tena, kwa hiyo msomaji wa Kenya asichukulie makala haya kuwa ruhusa ya kuwinda kwao. Tanzania nayo iliufunga mwaka 1973, ikaufungua mwaka 1978. Leo shughuli hii inasimamiwa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ina milango miwili. Upo uwindaji wa kitalii, ambapo mgeni hulipa kampuni yenye kitalu na kuongozwa na mwindaji bingwa. Na upo uwindaji wa wenyeji, ambapo mwananchi huomba leseni mwenyewe. Mimi nazungumzia huu wa pili, kwa sababu mgeni wa kitalii ana watu wa kumwongoza hatua kwa hatua, wakati mwenyeji mara nyingi huachwa ajifunze kwa kuulizauliza.

Safari yako inaanzia katika ofisi ya Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Nenda miezi mitatu au minne kabla, usingoje wiki ya mwisho. Uliza kwanza kama uwindaji wa wenyeji umefunguliwa msimu huo, maana kuna miaka ulisimamishwa. Uliza kama wilaya ina mgao, na mgao huo ni wa wanyama gani na wangapi. Kisha uliza kuhusu eneo, na hapa usikubali jibu la jumla. Taka ujue mpaka unapita mto gani, barabara gani, kilima gani, na ukiweza uchore ramani yako huku afisa akitazama. Mipaka ya maeneo yetu imebadilika sana. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya Pori la Akiba Selous ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa Nyerere, na Pori la Akiba Ugalla likawa Hifadhi ya Taifa Mto Ugalla. Mzee aliyelijua pori miaka 20 iliyopita anaweza, kwa nia njema kabisa, kukupeleka moja kwa moja mahali ambapo kuonekana tu na bunduki ni kosa.

Leseni ukishaipata, kaa chini uisome kama unavyosoma mkataba wa nyumba. Inataja jina lako, aina ya mnyama, idadi, mahali na tarehe. Leseni ya kongoni haikuruhusu kumpiga nyamera, hata kama wanasimama pamoja na kwa mbali wanafanana. Haihamishiki kwenda kwa shemeji yako aliyekuja kukusindikiza. Twiga, mnyama wa taifa, hawindwi kabisa. Kuwinda usiku, kumulika wanyama kwa taa na kupiga ukiwa ndani ya gari ni makosa yote, na zipo pia kanuni za umbali kutoka kwenye gari, kwenye maji na kwenye mipaka ya hifadhi. Mwombe afisa akuandikie umbali huo kwa mita, uuweke pamoja na leseni. Kupatikana na nyara za Serikali bila hati ni jambo linalofikishwa mahakamani kama uhujumu uchumi, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Nyama na ngozi zimo ndani ya neno hilo nyara, sawasawa na meno ya tembo.

Silaha nayo ina sheria yake, ya mwaka 2015, na msimamizi wake ni polisi. Kama huna bunduki uliyomilikishwa kihalali, usiazime kwa maneno ya mdomo kutoka kwa jirani. Nenda polisi uulize kinachoruhusiwa, na kama jibu ni hapana, basi ni hapana. Gobore liache kabisa. Mbali na kwamba mengi hayana kibali, shabaha yake si ya kuaminika na hujeruhi wanyama wengi kuliko linaoua. Bunduki ya marisau ni nzuri kwa kanga na kwale, na kwa kweli ningependa kila mwindaji mpya atumie msimu wake wa kwanza kwa ndege. Atajifunza kutembea kimya, kubeba silaha katikati ya watu na kusoma upepo. Akikosa, ndege ataruka aende zake. Lakini marisau hayohayo ukiyaelekeza kwa tohe aliye mbali, unampeleka akafie kichakani siku tatu baadaye.

Kwa swala na wanyama wa ukubwa wa kati, raifo ya .270, .308 au .30-06 inatosha. Kwa nyati na wanyama wengine hatari hesabu huanzia .375, na mwanzo wako usiwe kwa nyati. Najua wengi hawapendi kusikia hilo. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, akasimama akiitazama njia aliyopitia, na anayemfuata humkuta akiwa hatua chache tu mbele yake. Mtu ambaye hajawahi kumfuata swala kwa damu hana kazi pale.

Na usidanganywe na ukubwa wa risasi. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua wengi wao kwa bunduki ndogo iliyowashangaza wawindaji wa wakati wake. Alikuwa amepasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi hasa. Sihitaji kukwambia kwamba zama zile za kuua tembo kwa mamia zimekwisha, na ni heri zimekwisha. Lakini ile kazi ya msumeno inabaki kuwa somo. Kabla ya kuwinda mnyama wako, nenda machinjioni au ukae na mchinja mbuzi. Mwombe akuonyeshe moyo umekaa wapi ukilinganisha na mguu wa mbele, mapafu yanafika wapi nyuma, na tumbo linaanzia wapi. Utashangaa jinsi moyo ulivyo chini na jinsi ulivyo mbele, ukiwa umefichwa na bega. Wapigaji wengi wapya hulenga katikati ya mnyama kwa sababu ndiko anakoonekana mkubwa, na katikati ya mnyama ni tumbo.

Sasa mazoezi. Mtu hufika uwanja wa shabaha, akaegemeza bunduki juu ya meza yenye mfuko wa mchanga, akapiga risasi tano, akaona matundu yamekaribiana, akarudi nyumbani ameridhika. Hiyo imepima bunduki. Yeye mwenyewe bado hajapimwa. Kupima bunduki ni lazima, na fanya hivyo kwa mita 100, kwa aina ileile ya risasi utakayokwenda nayo. Lakini porini hakuna meza. Utapiga ukiwa umesimama, bunduki imeegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu, au bega lako limeegemea mti, au umepiga goti. Kwa hiyo tengeneza fimbo zako mapema, za urefu wa macho yako, na ujizoeze nazo nyumbani. Hakikisha bunduki ni tupu, ikague mara mbili, weka risasi zote chumba kingine, kisha inua, egemeza, lenga alama ukutani, bonyeza triga polepole. Dakika 10 kila jioni kwa miezi miwili zitakusaidia kuliko boksi zima la risasi zilizopigwa siku moja.

Ukienda uwanjani tena, chora duara la ukubwa wa kisosi. Hilo ndilo eneo la moyo na mapafu ya swala pala ambalo unataka risasi iingie. Kimbia mita 50 kwenda na kurudi, kamata bunduki ukiwa unahema, egemeza kwenye fimbo, piga. Umbali ambao unaweza kutia risasi ndani ya kisosi mara zote, namaanisha zote, ndio umbali wako wa mwisho. Kwa wengi wanaoanza hauzidi mita 80. Uandike, na porini usiuvuke hata hatua kumi, hata kama wenzako wananong'ona, "Piga, piga, anaondoka!"

Kazi nyingine ya nyumbani ni kujifunza dume na jike. Usiridhike na picha ya kitabuni inayomwonyesha mnyama amesimama peke yake mchana kweupe. Utamwona nusu, nyuma ya majani, kwa sekunde chache, akiwa na wenzake kumi. Kwa sababu hiyo, kwa leseni ya kwanza ningekushauri uombe mnyama ambaye dume peke yake ndiye mwenye pembe: swala pala, tohe au kuro. Ukiona pembe umeona dume. Kwa kongoni na nyumbu, wote wana pembe, na kuwatofautisha kunataka kutazama umbo la shingo, unene wa pembe pale chini na sehemu za siri. Pofu ndiye anayewachanganya wengi zaidi. Jike ana pembe ndefu, mara nyingi ndefu kuliko za dume, lakini nyembamba. Dume ana pembe nene, fupi, shingo iliyojaa na nywele nyingi kwenye paji la uso. Mtu anayefuata urefu wa pembe humwangusha jike. Nunua darubini nzuri ya mkononi kabla ya kufikiria kubadilisha darubini ya bunduki, na usitumie ile ya bunduki kutazamia, kwa maana unachokitazama nayo unakielekezea mtutu, na siku moja kitakuwa ni mtu anayekata kuni.

Mwili wako unaufahamu mwenyewe. Anza kutembea miezi miwili kabla, asubuhi na mapema, na viatu utakavyovivaa porini. Kiatu kipya kinachovaliwa siku ya kwanza ya safari kitakuacha kambini siku ya pili. Kuhusu nguo, fuata rangi za majani makavu na udongo, na epuka buluu na nyeusi, kwa kuwa mbung'o huzipenda. Vitambaa vya kuwategea hutengenezwa kwa rangi hizohizo mbili. Nguo zinazofanana na za jeshi usizivae, utajiletea matatizo. Shati liwe la mikono mirefu na kitambaa kizito, kwa sababu mbung'o hupenya nguo nyepesi, na baadhi yao hubeba malale. Ukipata homa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa porini na uliumwa na mbung'o, asije akaishia kupima malaria peke yake. Chandarua chukua. Sweta chukua pia. Mwezi Julai, alfajiri ya Rungwa au Katavi ni ya baridi kali, na mikono iliyokufa ganzi haiwezi kubonyeza triga vizuri. Kufikia Septemba na Oktoba majani yameungua, wanyama wanaonekana kwa mbali na wanakaa karibu na maji, lakini jua linakuwa kali na nyama inaharibika upesi zaidi. Mimi huchagua Agosti.

Maji ya kunywa yahesabiwe lita tano kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Mlaze, mzuie kutembea, ufunge kiungo kwa kijiti kisitikisike, mwondoke kwenda hospitali. Maana yake kabla ya safari ujue hospitali iliyo karibu ni ipi, gari lina mafuta ya kufika huko, na simu inashika mtandao kilima gani.

Sasa watu. Ukifika kijiji kilicho jirani na eneo lako, ripoti kwa mwenyekiti na mtendaji kabla ya kupiga kambi, na uonyeshe leseni bila kuombwa. Wanakijiji wakisikia milio ya bunduki wasiyoijua wana haki ya kuogopa. Wasalimie wazee ipasavyo, sikiliza habari za mahali: wapi pana mizinga ya nyuki, wapi watoto hupeleka mifugo, wapi kina mama huokota uyoga na kuni. Hizo ni sehemu ambazo hutapiga. Askari wa wanyamapori anapopangiwa kufuatana nanyi, mpokee kama mwenzako wa safari. Mpe chakula kilekile mnachokula, na akisema "Acha," acha. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo mjini, wakimbishia afande mbele ya mnyama. Afande ndiye atakayeulizwa.

Mfuata nyayo mzuri ni wa thamani kuliko bunduki yako. Nilitembea na mmoja upande wa Rungwa, mzee mwembamba asiyependa maneno, aliyebeba kifurushi cha kitambaa chenye majivu laini. Kila baada ya muda alikigonga kwa kidole, na vumbi jembamba likatoka, likaonyesha upepo unaelekea wapi. Tulikuwa tumelikaribia kundi la swala pala mpaka tukaona masikio yakicheza. Akagonga. Majivu yakasimama hewani kidogo, kisha yakaanza kuelekea mbele, kwa wale swala. Hakusema neno. Aligeuka akaanza kuondoka, nasi tukamfuata kuzunguka upande wa pili wa korongo, mwendo wa karibu saa nzima kuwafikia wanyama waliokuwa mbele ya macho yetu. Mwindaji mpya huona huko ni kupoteza muda. Tayarisha mfuko wako wa majivu, na umtii anayejua kuusoma.

Lije basi lile tukio lenyewe. Mnyama amesimama ubavu, ndani ya umbali wako, nyuma yake hakuna mwenzake wala kitu usichokijua, ni dume, na hajakustukia. Fuata mguu wake wa mbele kwa jicho kutoka chini kwenda juu, mpaka theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili, ukae hapo, karibu na nyuma ya bega. Kama ameelekea kwako, subiri ageuke. Kama amekupa mgongo, subiri. Kama jani moja nene limepita mbele ya bega, subiri. Vuta pumzi, toa nusu, bonyeza. Ukishapiga, ingiza risasi nyingine hapohapo huku macho yako yakiwa kwake, usianze kushangilia. Swala aliyepigwa moyo anaweza kukimbia mita 50, hata 100, kabla ya kuanguka, kwa hiyo kukimbia si dalili ya kwamba umekosa. Kumbuka mti aliokuwa karibu nao. Mtu mmoja abaki pale mlipopigia aelekeze kwa mkono, mwingine aende mpaka pale mnyama alipokuwa amesimama na kuweka alama.

Pale chini, damu itakueleza. Nyekundu ya kung'aa yenye povu ni ya mapafu, hajafika mbali. Nyeusi na nzito ni ya ini. Mpe muda, nusu saa au zaidi. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, umempiga tumbo, na hapo ndipo uvumilivu unapotakiwa kuliko wakati mwingine wowote. Ukimfuata mara moja atainuka kila utakapomkaribia na utamsukuma kilomita nyingi. Kaa chini, subiri saa moja au mbili. Wahadzabe wa Yaeda na Eyasi, wanaowinda kwa upinde, hufanya hivyohivyo tangu zamani: wakishampata mnyama kwa mshale wenye sumu, hungoja ifanye kazi ndipo waanze kumfuata. Kila mnapoona tone, wekeni kijiti. Mkipoteza, rudini kwenye kijiti cha mwisho, mzunguke taratibu. Msikanyage damu.

Na msiache. Hapa sina upole. Mnyama uliyemjeruhi ndiye mnyama wako wa siku hiyo, na kama ni lazima, wa siku inayofuata pia. Giza likiingia, weka alama, rudi alfajiri. Usimgeukie mwingine mzima aliyesimama karibu eti huyo wa kwanza ameshapotea. Katika hesabu ya leseni yako, uliyemjeruhi ni sawa na uliyemuua, na kama ni mnyama hatari, ofisi ya wanyamapori lazima ijue haraka, kwa sababu anayeweza kukutana naye kesho ni mtoto wa kijiji kilekile kilichokukaribisha.

Mkimkuta ameanguka, mwendeeni kwa nyuma, silaha ikiwa tayari, mguse jicho kwa fimbo ndefu. Asipopepesa, amekufa. Kwa kundi lenye Waislamu, jambo la kuchinja lizungumzwe kabla ya safari: nani atachinja, kisu ni kikali, na muulizeni sheikh wenu mapema hukumu ya mnyama aliyekufa kwa risasi iliyopigwa kwa Bismillahi kabla kisu hakijamfikia. Nimeona mtu akimkimbilia mnyama aliye hai na pembe zake, kisu mkononi, akiwa katikati ya bunduki na mnyama, kwa hofu kwamba nyama itakuwa haramu. Hakuna anayesogea mpaka mpigaji na afande waseme. Mnyama asiyefaa kuliwa na baadhi yenu, nyama yake watapewa wengine.

Nyama huharibika kwa joto lake yenyewe, hivyo pasua tumbo mara moja, toa matumbo yote bila kuyatoboa, na acha kifua wazi kwa kijiti ili upepo upite. Tundika kivulini. Usiifunike kwa turubai wala kuifunga kwenye mifuko ya plastiki ikiwa bado ina moto, hata kama nzi wanakusumbua. Kitambaa chepesi kinatosha. Na mnyama yeyote mtakayemkuta amekufa mwenyewe, hasa akiwa ametoka damu puani au mdomoni, msimguse, msimchune, msile. Huenda ni kimeta, na kimeta kinaua watu. Ripotini.

Kijiji mlichokaa jirani nacho kipate sehemu yake, na iwe sehemu nzuri. Nyama mnayorudi nayo isafiri pamoja na leseni na hati za kusafirishia mlizoelekezwa na afisa, na msimgawie mtu njiani kipande kisicho na karatasi, kwa sababu mtakuwa mmempa kesi.

Jambo la mwisho ni leseni yenyewe. Jaza ulichopiga siku ileile, na muda ukiisha irudishe ofisini, hata kama hukupiga chochote. Andika ukweli, pamoja na yule uliyemjeruhi na kumkosa. Maafisa hawawezi kutembea kila bonde kuhesabu wanyama; wanapokaa kufikiria mgao wa msimu unaofuata, karatasi mnazorudisha ni sehemu ya kile walicho nacho mezani. Ukiwadanganya, swala wa mwaka kesho watapangiwa idadi ambayo pori halina.